Minneapolis au Wichita

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya kwanza imefika saa nane mchana, na saa kumi binti yangu Fancy akapiga simu kama kila Jumapili. Kwao huko Amerika ilikuwa saa mbili asubuhi. Leo hakuniuliza habari ya ng'ombe wala ya kifua changu. Amesema Vivian, yule msichana wa Bomet mwenye mtoto wa kiume ambaye wanakaa naye nyumba moja, anahamia Texas kwa mume wake. Mkataba wa nyumba unaisha katikati ya Juni, na Fancy hawezi kuilipa nyumba hiyo peke yake. Halafu kuna hospitali katika mji mwingine, Wichita, inayomtaka kwa mshahara uleule anaopata Minneapolis. Wanataka jibu kabla ya tarehe moja Juni.

"Baba, wewe ni mtu wa hesabu," akasema. "Niambie nikae ama niende."

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Tangu nistaafu, maswali ninayoulizwa ni kama nimekula na kama nimefunga mlango wa zizi. Nimemwambia anitumie bei zote. Nimetoa daftari jipya la miraba, na kwa kuwa kalamu iko mkononi nimeona heri niwe naandika na mengine ya msimu huu. Naandika kwa Kiswahili. Kipsigis kilikuwa cha kuzungumza na mke wangu Chepkurui, na tangu tumzike mwaka juzi kimekaa tu nyumbani bila kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Majani ya chai kilo 31.

Jumatano, 19 Machi

Bei zimefika kwa WhatsApp. Nimezipanga kwa safu mbili, mistari minane: kodi, umeme na joto, chakula, usafiri, simu, bima ya afya, pesa anazonitumia mimi, na deni la shule ya uuguzi.

Kodi ya chumba kimoja Minneapolis ni dola 1,350. Wichita ni 780. Nilipozibadilisha kuwa shilingi sikuamini, nikazibadilisha tena kuwa majani ya chai, maana hiyo ndiyo pesa ninayoijua. Kwa bei ya shilingi ishirini na tano kwa kilo, chumba kimoja cha Minneapolis kwa mwezi mmoja ni karibu kilo elfu saba. Shamba langu lote hapa Roret linanipa kilo mia tatu kwa mwezi likiwa na furaha. Kumbe ningechuma karibu miaka miwili ili mtoto wangu alale mwezi mmoja.

Mellen alikuja kuchuma asubuhi, nikamsomea. Mellen Atuti ni Mkisii, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, na amenichumia chai miaka tisa. Alikuwa amembeba mjukuu wake mgongoni, na kikapu amekishika mkononi. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Mwalimu, hiyo nyumba iko na dhahabu kwa ukuta ama?"

"Iko na baridi," nikamwambia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemaliza. Anabaki na dola 3,300 baada ya kodi ya serikali. Minneapolis matumizi ni 3,140, zinabaki 160. Wichita, hata baada ya kununua gari kuukuu, kwa sababu huko bila gari mtu hawezi kufika hata dukani, matumizi ni 2,700 na zinabaki 600.

Tikiti ya ndege ya Desemba ni 1,700. Kutoka Juni hadi Novemba ni miezi sita. Minneapolis atakuwa ameweka 960 na hatakuja. Wichita atakuwa ameweka 3,600 na atakuja, na atabakisha za kurudi shuleni.

Hakuja hata mama yake alipozikwa. Makaratasi yake yalikuwa bado, angetoka asingeweza kurudi. Mimi ndiye niliyemwambia asije. Ni miaka mitano sijamwona isipokuwa uso kwenye simu. Sasa hesabu inasema Desemba, na sikuisukuma, imejisemea yenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia: Wichita. Nilitarajia afurahi. Alisema, "Nilijua utasema hivyo." Kamera yake ilikuwa imezimwa. Ati intaneti mbaya.

Nilimuuliza kama bado anaenda kanisa la watu wetu kule, maana Minneapolis kuna Wakipsigis wa kutosha kujaza lokesheni nzima. Akasema anaenda mara moja moja.

Alhamisi, 27 Machi

Kilo 38. Mvua tangu mchana.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada tulikaa wazee watano na Mchungaji Kipkosgei kuhusu sadaka ya Pasaka. Mzee Kipkurui aliniuliza habari za Fancy, nikamweleza lile jedwali langu mpaka akachoka. Dada yake ana mtoto Minneapolis pia. Anasema kule mtu akipiga chafya Jumapili, Jumatatu Roret yote inasema pole. Tulicheka.

Jumanne, 8 Aprili

Fancy amenitumia jedwali langu likiwa na mstari wa tisa. Ameandika tu, "Baba, ongeza hii." Mstari unasema: kulea mtoto mchana. Minneapolis 1,200. Wichita 750.

Nimekasirika kidogo. Mtoto ni wa Vivian, na Vivian anakwenda Texas, kwa nini Fancy aendelee kumlipia? Amekuwa na moyo laini tangu shule ya msingi, wenzake walikuwa wanamlia penseli. Isitoshe, ni nani anayelipa dola elfu moja ili mtoto aangaliwe? Hapa mtoto anaangaliwa na yeyote aliye karibu na ambaye hana kazi ya maana, na hiyo haijawahi kuandikwa katika bajeti ya mtu. Ukiweka mstari huo hesabu yote inaharibika. Hata Wichita inaingia kwenye deni.

Nimeufuta. Nimemjibu: "Mzigo wa mwenzako mwachie mwenyewe. Nimeondoa."

Amejibu: "Sawa Baba."

Jumapili, 13 Aprili

Hajapiga.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Hajapiga. Nimempigia mara mbili, inalia tu. Nilipika kuku mzima kwa sababu ni Pasaka na sasa sijui nitamfanya nini. Nimempa paka mguu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya mawe. Ilikuja saa tisa na nusu kutoka upande wa Kabianga, na kelele yake juu ya mabati ilikuwa kubwa hata sikuweza kusikia redio iliyokuwa mapajani mwangu. Dakika kumi na tano tu. Nilipotoka shamba lilikuwa jeupe. Nilichutama nikashika mche mmoja, majani yamechanika yote, vichipukizi vimelala chini pamoja na barafu. Hakuna cha kuchuma kwa wiki tatu, labda nne.

Maana yake Mellen pia hatakuja. Sikuwa nimefikiria hilo mpaka jioni. Nilikuwa nikidhani namlipa kwa ajili ya majani.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo nimefanya ujinga. Nilichukua lile jedwali nikaongeza safu ya tatu, nikaiandika Roret. Kodi sufuri. Joto, kuni zipo. Maziwa sufuri, ng'ombe wawili wanakamuliwa. Usafiri, miguu. Nilifika mwisho nikaona Roret imeshinda miji yote ya Amerika. Halafu nikafika mahali pa mshahara, nikakumbuka wauguzi wa rika la Fancy waliohitimu hapa ambao mpaka leo wanauza nguo za mtumba sokoni. Nimerarua karatasi nikaitia motoni.

Jumapili, 27 Aprili

Amepiga. Sauti tu, bila picha. Tumezungumza kuhusu mvua ya mawe dakika nne. Nikamuuliza kama ameamua, akasema atawaambia Wichita ndiyo. Nikasema vizuri, Desemba tutachinja.

Akasema, "Baba, Desemba usihesabu sana."

"Hesabu ziko," nikamwambia. "Mia sita kila mwezi."

Akasema ana zamu, akakata. Nimekaa na simu mkononi. Kuna kitu mtoto huyu hasemi. Mama yake angeshajua tangu Machi. Mambo mengi ya binti hupitia kwa mama yake ndipo yafike kwa baba, na hivyo ndivyo adabu ilivyo, lakini hakuna aliyetuambia njia ikikatika hapo katikati tupite wapi.

Jumatatu, 5 Mei

Hakuna majani. Hakuna mtu.

Jumatano, 14 Mei

Chai imeanza kuchipua. Mellen amekuja na mjukuu wake mgongoni. Kilo 12 tu, lakini nimefurahi hata nikamchemshia chai mwenyewe, jambo ambalo limemtisha. Mvua ikatushika, tukakaa kibarazani. Mtoto huyu ana miaka miwili, anaitwa Blessing, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemuuliza jina.

Niandike kwa nini. Mama yake, Drusilla binti wa Mellen, alipata mimba akiwa chuoni, bila ndoa. Mellen alimleta mtoto kanisani kwetu abarikiwe. Mimi ndiye mzee niliyesimama nikasema hapana, mpaka Drusilla aje mbele ya watu wote atubu. Drusilla hakuja. Yuko Kericho mjini anafanya kazi ya hoteli. Mellen akahamia kanisa lingine, juu kule mlimani, mwendo wa saa nzima. Lakini Jumatatu iliyofuata alikuja kuchuma chai yangu kama kawaida, akasema habari ya asubuhi Mwalimu. Nilidhani amekubali kwamba nilikuwa na haki.

Basi leo, kwa furaha ya kuwa na mtu, nilitoa daftari nikamwonyesha lile jedwali. Akaangalia. Mellen aliacha shule darasa la sita lakini tarakimu hazimpiti, kilo zake hazijawahi kupotea kwenye kituo cha kupimia majani.

"Na hii umekata na wino nyekundu ni gani?"

"Kulea mtoto. Wa mwenzake. Nimeondoa."

Mellen akamtoa Blessing mgongoni akamweka mapajani, akawa anamfuta makamasi polepole.

"Huyo mwenzake si ulisema anaenda Texas?"

"Ndiyo."

"Na huyo kijana wake si anaenda na mama yake?"

"Ndiyo, ndiyo maana—"

"Mwalimu, hapana kasirika. Mtu hawezi andika pesa ya mtoto na hana mtoto."

Nilimwambia aende nyumbani. Nilisema mvua imepungua, na haikuwa imepungua. Aliufunga mtoto mgongoni, akaweka gunia juu ya vichwa vyao wawili, akaenda. Hakumaliza chai.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Sikutoka.

Ijumaa, 16 Mei

Nimerudia hesabu. Sikuwa na jingine la kufanya kwa mikono.

Mstari wa tisa ukirudi, Minneapolis anakuwa na upungufu wa 1,040. Wichita upungufu wa 150. Akiacha kunitumia zile 200, Wichita zinabaki hamsini. Kwa hiyo Wichita bado ndiyo nafuu, na ndiyo maana anaenda. Desemba haipo popote. Ilikwisha siku alipoandika mstari ule, na mimi nikaendelea kumhesabia mbuzi wa kuchinja.

Wichita hana mtu. Nilimuuliza hilo mwezi wa tatu, akasema hakuna Mkenya anayemjua. Nilidhani ananung'unika. Sasa nimeelewa kwamba hilo ndilo alilokuwa anatafuta. Atajifungua katika mji ambao hakuna anayejua jina la baba yake. Atajiendesha mwenyewe hospitalini kwa gari kuukuu. Na atakapotoka hapo na mtoto hakutakuwa na mwanamke mmoja wa kumchemshia uji. Hapa kwetu hata yule aliyekosana na kijiji kizima huchemshiwa uji.

Anawakimbia watu, na anawakimbia kwa sababu yangu. Alisikia ya Drusilla. Nilimwambia mwenyewe kwa simu, wakati ule, kwa majivuno, jinsi nilivyolinda kanisa.

Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Chepkurui alikataa kuzungumza nami siku mbili baada ya mkutano ule. Nilidhani ana homa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimevuka kijito kwenda kwa Mellen. Miaka tisa na sijawahi kuingia nyumba hiyo. Nilimpelekea maziwa lita mbili na malipo ya kilo 12, nikasema, "Ulisoma hesabu vizuri kuliko mimi."

Akasema, "Kaa, Mwalimu." Nikakaa. Blessing alikuja akashika fimbo yangu akakataa kuiachilia. Nilimwambia Mellen sijui nifanye nini, na hayo maneno sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu yeyote aliye hai.

"Ile ya Drusilla," akasema, "mimi sikutaka kanisa wampigie makofi. Nilitaka mtu mmoja tu aseme kwa mdomo yake, wa kwanza, kabla watu wanong'one. Baba yake alikuwa amekufa. Hakukuwa na mtu."

Nilikaa mpaka fimbo yangu ikarudishwa.

Jumapili, 18 Mei

Sikungoja apige. Niliweka bando ya shilingi mia mbili, nikapiga saa kumi kasorobo. Alishika.

"Fancy," nikasema, "ule mstari wa tisa niliofuta. Nimeurudisha."

Nilisikia maji yakimwagika kwenye sinki, halafu yakafungwa.

"Umeurudisha?"

"Nimeurudisha kwa safu zote mbili. Mimi ndiye nilikosea."

Alilia. Nilikuwa na miaka mingi sijamsikia akilia, na kilio chake hakijabadilika, kina kwikwi ndogo mwishoni. Nikamuuliza kama amekula.

"Nimekula, Baba."

"Mstari huo unaanza kuhesabiwa mwezi gani?"

"Agosti mwisho."

Lile neno lenyewe hatukulisema, yeye wala mimi. Habari za mwanamume sikuuliza. Angekuwa mtu wa kusaidia tungemwona kwenye mstari wa kodi.

"Watu wetu huko wanajua?"

"Hakuna. Tangu Januari siendi kanisa. Nikienda hivi, kesho yake iko Roret, na wewe utasikia kwa barabara."

"Na ukijifungua Wichita, nani atakupeleka hospitali?"

"Kuna ambulensi."

Nikauliza ambulensi ni pesa ngapi. Akataja kiasi, nikakaa chini.

Ndipo nikamwambia. Nikamwambia yanayofika huko yanatoka huku, na yanayofika huku yanatoka huko, na kwamba kitu kilichosemwa wazi hakina ladha tena mdomoni mwa msengenyaji. Nikamuuliza kama atakubali nikiseme mimi, kanisani, kwa mdomo wangu.

"Watakuondoa uzee wa kanisa, Baba."

"Najua. Sheria hiyo niliiandika mimi."

"Watakucheka."

"Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne. Nimechekwa na madarasa mazima."

Nilisikia akivuta kiti akaketi.

"Sema wewe, Baba," akasema. "Mimi siwezi."

Jumanne, 20 Mei

Kilo 19. Mellen hakuuliza. Nilimwambia tu, "Jumapili." Akasema, "Haya."

Jumapili, 25 Mei

Nilivaa koti la harusi ya Kipkoech, mtoto wa ndugu yangu, kwa kuwa ndilo lililopigwa pasi. Mvua ilikuwa imesimama. Kanisa lilijaa.

Wakati wa matangazo nilisimama. Mchungaji Kipkosgei alidhani ni habari za ujenzi wa choo, akanipa kipaza sauti. Niliwasalimu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, lakini nikaikunja bila kuisoma.

Nilisema: "Binti yangu Fancy, mnamjua, aliimba hapa. Ako Minneapolis. Ako na mimba, na hajaolewa. Nimesema mimi baba yake, ili mtu asisumbuke kuniambia. Yeye ni mtoto wangu leo kama jana. Anakaa peke yake na anaogopa nyinyi. Mwenye ndugu huko, tafadhali ampigie simu, amwambie amtembelee."

Nikaendelea, kwa sababu ningekaa nisingesimama tena.

"Kitu cha pili. Miaka miwili iliyopita Mellen Atuti alileta mjukuu wake hapa abarikiwe. Mimi nikamzuia. Mchungaji alikuwa tayari, wazee wengine walikuwa tayari, mimi ndiye nilikataa. Anaitwa Blessing. Nilikosa."

Nikarudisha kipaza sauti. Nilipogeuka nikamwona Mellen ameketi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, mtoto amelala begani. Sikumwalika. Alikuwa ameacha ibada yake akaja kukaa huko nyuma, ili kama nitasimama nisisimame bila mtu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mzee alisema "Kongoi" kwa sauti ndogo, hivyo tu, asante. Halafu mwimbishaji akaanzisha wimbo, akauanzisha juu mno, tukahangaika nao wote mpaka mwisho.

Baada ya ibada wazee walikaa bila mimi. Hawakuchukua hata robo saa. Kipkurui ndiye aliyetumwa kuniambia nikae kando ya uongozi kwa mwaka mmoja, kwa mujibu wa kanuni namba saba, ya mzee ambaye binti yake amepata mimba bila ndoa. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwambia ninaijua hiyo namba saba, mwandiko ni wangu. Akanishika mkono kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono mwingine, akaomba nambari ya simu ya Fancy ampe dada yake.

Saa kumi na moja Fancy akapiga. Kamera ilikuwa imefunguliwa. Amenenepa usoni, anafanana na mama yake.

"Baba, wamenipigia wanne tayari. Wanne! Hata sijaamka vizuri. Mmoja amenigombeza."

"Amekugombeza kuhusu nini?"

"Ati kwa nini nilinyamaza, na yeye ako na kitanda ya mtoto inakaa tu kwa stoo."

Jumatano, 28 Mei

Bei mpya zimefika. Mke wa mtu mmoja anayeitwa Nyakundi, hata si mtu wetu, ni Mkisii, hulea watoto wa manesi nyumbani kwake kwa dola 400. Mwingine amempata chumba kwa 1,250, jengo moja na wasichana wawili wa Siongiroi. Nimemwambia aache kunitumia zile 200. Alibishana. Nikamwambia mwalimu amesharudisha daftari.

Minneapolis: zinabaki sitini. Wichita: zinabaki hamsini.

Nimemwandikia: "Kaa." Nimeongeza kwamba Desemba asije, wala ya mwaka kesho asiihesabu. Kuandika "Kaa" kulikuwa rahisi. Hilo la pili lilinichukua kutwa nzima.

Alhamisi, 5 Juni

Kilo 44. Chai imerudi kabisa.

Jumapili, 15 Juni

Blessing amebarikiwa leo. Nilikaa benchi la nyuma, si mahali pa wazee, na kutoka huko mtu haoni kitu, ila nilimsikia akilia kwa nguvu mchungaji alipomshika. Drusilla alikuja. Alinisalimia kwa mkono akapita. Hana deni la kuniambia zaidi ya hapo.

Fancy hakupiga. Alituma ujumbe kwamba anahama leo.

Jumapili, 22 Juni

Hajapiga. Ana shughuli.

Jumatano, 25 Juni

Kilo 40. Mvua inapungua. Ng'ombe mmoja amekataa kula.

Jumapili, 29 Juni

Saa kumi haikulia. Saa kumi na mbili nikapiga mimi.

Alishika upesi akasema, "Baba! Ngoja kidogo, wageni," akaiweka simu juu ya kitu, nadhani meza, maana picha ikawa dari tupu na taa moja. Nikangoja.

Walikuwa wanawake wengi. Wanazungumza Kipsigis, Kipsigis cha nyumbani, na wawili watatu wakichanganya Kiswahili cha Kisii. Mtu alikuwa anatafuta sufuria kubwa. Mtu mwingine alisema hiyo chai imekuwa maji, ongezeni majani. Mtoto fulani alianguka akalia akabembelezwa. Niliwasikia wakimwambia Fancy akae chini, aache vyombo, vitaoshwa na nani kama si wao. Akasema hajachoka, wote wakamzomea kwa pamoja, naye akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu aondoke.

Alikuwa amenisahau. Ningeweza kumwita, na angekuja mbio akiomba msamaha.

Sikumwita. Niliiweka simu karibu na sikio, nikakaa kibarazani nikiwasikiliza wakipakua chakula, wakiulizana nani hajapata, mpaka bando ikaisha.